Saini Bila Msomaji

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025 huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 87. Rambirambi zilikuwa bado zinaandikwa, na watu tayari walikuwa wanaulizana bei. Nina Petals of Blood aliyoitia saini, itanipa ngapi? Kuna mwenye Weep Not, Child ya zamani? Na mmoja, nadhani ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote, akatangaza kwamba ananunua kitabu chochote chenye saini ya Profesa, kwa bei nzuri, mradi kisiwe kimeandikiwa mtu.

Mradi kisiwe kimeandikiwa mtu! Afadhali niseme mapema ili asiyependa ugomvi aende zake: ukusanyaji wa vitabu vilivyosainiwa, jinsi unavyoendeshwa siku hizi, umegeuza mambo juu chini. Unathamini wino na kumdharau msomaji. Kwa mwandishi mwingine huenda lingekuwa kosa dogo tu la wapenda vitu safi. Kwa Ngũgĩ ni tusi.

Kwa ambao hawajawahi kuingia katika biashara hii, mambo yako hivi. Kuna kitabu ambacho mwandishi ameandika jina lake tu, basi. Hiyo nitaiita saini kavu. Kuna kitabu ambacho ameandika pia jina la anayepewa: kwa Fulani, tulikutana mahali fulani, tarehe fulani, pengine na neno moja la utani au la shukrani. Hiyo ni tabaruku ya mkono. Halafu kuna tabaruku ambayo huyo Fulani naye ni mtu mashuhuri, labda mwandishi mwenzake, rafiki yake wa chuoni au mpinzani wake. Hii ya mwisho ina bei ya kutisha, na hapo hakuna anayebisha. Ugomvi uko kwenye hizo mbili za mwanzo. Kwa waandishi wa zama zetu soko linapendelea saini kavu. Ukipeleka kitabu kilichoandikiwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuna anayemjua nje ya kijiji chake, muuzaji anakunja uso. Kizuri, atasema, lakini kina jina. Bei inashuka. Jina la msomaji linahesabiwa pamoja na madoa ya chai na kona zilizokunjwa.

Kwani kuna nini? Sababu ni kwamba mnunuzi anataka kujifanya yeye ndiye aliyepewa. Akikuta jina la mtu mwingine ukurasani, ndoto inakatika. Saini kavu ni kama kadi ya harusi isiyoandikwa jina, yeyote anaweza kuingia nayo na akala pilau.

Matunda yake tunayaona kwenye foleni za uzinduzi wa vitabu. Mtu anafika na nakala tano, zote mpya, bado zinanukia kiwanda. Mwandishi anauliza, nikuandikie jina gani? "Hapana Prof, saini tu." Zote tano. Nyuma yake kasimama dada mwenye nakala moja iliyochakaa, ana swali kuhusu mhusika aliyemkosesha usingizi, lakini muda umekwisha na waandaaji wanaangalia saa. Yule wa nakala tano hakuja kukutana na mtu, jamani. Alikuja kupigiwa mhuri.

Na tukishakubali kwamba ni mhuri, mbona mashine isiupige? Wachapishaji wa Ulaya na Marekani walishafika huko zamani. Mwandishi anatumiwa mabunda ya karatasi tupu nyumbani, anasaini mamia kwa maelfu, karatasi zinarudishwa kiwandani na kushonwa ndani ya vitabu. Kitabu chenyewe hakijawahi kuguswa na mkono wake, na bado kinauzwa kama nakala iliyosainiwa, wala huwezi kusema umedanganywa. Mwaka 2022 ikaja aibu kubwa zaidi. Simon & Schuster waliuza nakala 900 za The Philosophy of Modern Song cha Bob Dylan kwa dola 599 kila moja, pamoja na barua ya kuthibitisha kwamba ni mkono wake mwenyewe. Wanunuzi wakaanza kuonyeshana picha mitandaoni, wakaona saini ya huyu inalaliana na ya yule. Kumbe ni mashine. Mchapishaji akarudisha pesa, Dylan akaomba radhi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini angalia walivyogundua: ilibidi walinganishe picha. Kitabu mkononi hakikuwaambia lolote, maana saini kavu haina la kusema.

Tabaruku ya mkono ina la kusema, na ndiyo maana ni vigumu zaidi kuighushi. Anayetaka kuiga jina moja atajifunza jioni moja. Anayetaka kuiga mistari minne yenye jina la mtu, tarehe na mji ana kazi, maana itabidi ajue siku ile mwandishi alikuwa wapi, alikuwa akiandika vipi, na kama yule mtu alikuwapo duniani. Tena kitu chenye majina mawili ni ushahidi wa jambo lililotokea baina ya watu wawili, na ushahidi huuma.

Mfano upo hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 V. S. Naipaul alikuja Makerere kama mwandishi mgeni, akamkuta Paul Theroux, kijana Mmarekani aliyekuwa akifundisha pale. Wakawa marafiki, mkubwa na mdogo, kwa miaka thelathini hivi. Kisha Theroux akaona kwenye katalogi ya muuza vitabu kitabu chake mwenyewe, kile alichomwandikia Naipaul kwa mkono wake na kumpa zawadi, kinauzwa dola 1,500. Hayakuwa hayo peke yake yaliyovunja urafiki, lakini hayo ndiyo yaliyotia chumvi kwenye kidonda. Theroux akaandika kitabu kizima juu yake, Sir Vidia's Shadow, kilichotoka 1998, na ikawa hadi 2011 ndipo wakapeana mikono tena. Haya, niambie, saini kavu ingeweza kuleta yote hayo? Kama Theroux angekuwa ameandika jina lake tu, nani angejua kitabu kile kimetoka kwenye rafu ya nani?

Turudi kwa Ngũgĩ, maana kwake jambo hili lina uzito wa pekee. Tuanze na jina lenyewe. Weep Not, Child ilipotoka 1964, jalada lilisema James Ngugi. The River Between, 1965, James Ngugi. A Grain of Wheat, 1967, hivyohivyo. Alipolitupa hilo James, miaka ya 1970 ikianza, hakuwa anabadilisha saini kwa urembo. Alikuwa anauliza nani ana haki ya kumpa mtu jina, na kwa nini Mwafrika aingie kanisani na shuleni kwa jina la Mzungu. Sasa tazama mantiki ya soko. Saini inayowindwa sana huwa ni ile ya zamani, iliyotiwa wakati kitabu ni kipya. Yaani "James Ngugi". Jina alilolikataa hadharani ndilo linaloongezewa bei! Sisemi nakala hizo zitupwe. Nasema mwenye nayo anapaswa kujua ameshika nini, na saini peke yake haitamwambia. Ikiwa imeandikiwa mwanafunzi mwenzake wa Makerere mwaka 1964, tunamwona kijana ambaye kwa rafiki zake bado ni James. Ikiwa imeandikiwa mtu miaka minane baadaye kwa jina jipya, juu ya jalada lenye jina la zamani, tunaona mtu akivuka mto huku maji yangali yanamchuruzika. Ondoa jina la mpokeaji na tarehe, unabaki na mkwaruzo wa wino.

Halafu kuna habari ya lugha, na hapa ndipo wakusanyaji wanaponichekesha mpaka natamani kulia. Mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, Ngũgĩ alikiaga Kiingereza. Alitangaza kwamba tangu hapo uandishi wake utakuwa wa Gĩkũyũ na Kiswahili. (Baadaye aliandika kumbukumbu zake za utotoni kwa Kiingereza, najua, na wapo waliomcheka. Hilo ni deni lake, si langu.) Wakusanyaji ninaowafahamu wanakitafuta kitabu hicho kwa udi na uvumba. Wanakiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiwauliza kama wana Caitaani Mũtharaba-inĩ iliyosainiwa, wanakutazama kama umewauliza kama wana mbuzi. Ati hakina soko. Matigari ya Gĩkũyũ ya 1986? Hakina soko. Mũrogi wa Kagogo? Wanasubiri Wizard of the Crow. Basi wamelipa pesa nyingi kwa kitabu kinachowaambia waache kufanya hicho wanachokifanya, na kwa kuwa kimefungwa kwenye plastiki, hawatajua.

Wala sisi wa Kiswahili tusijipige kifua. Kuna Usilie Mpenzi Wangu, Njia Panda, Mtawa Mweusi, Shetani Msalabani, Mzalendo Kimathi. Hizi tafsiri zilisomwa, nyingine zilifundishwa. Nani anazikusanya? Nani amewahi kumpelekea mwandishi Shetani Msalabani na kumwambia, hii ndiyo nilikusoma nayo, niandikie? Tunaenda na ya Kiingereza kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha.

Ningependa tukae kidogo na Caitaani, maana kitabu hiki peke yake kinatosha kuiangusha hoja ya saini kavu. Kiliandikwa gerezani Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni, kikachapishwa 1980 na kuhitaji kuchapwa tena upesi. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi kilivyosomwa. Familia zilikusanyika jioni, mwenye kujua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana mapumziko ya mchana. Kilisomwa kwenye mabaa, na msomaji stadi akajua kunyamaza mahali patamu glasi yake inapokauka, mpaka wasikilizaji wamwagizie nyingine. Sasa kitabu kama hicho ni cha nani? Nakala moja imesomwa na watu ishirini. Jalada lina duara la chupa. Kurasa za katikati zimelegea. Huenda mbele kuna jina la aliyekinunua, na chini yake jina la shemeji aliyekiazima hakukirudisha. Kwa soko hiyo ni takataka. Kwangu mimi, kama Ngũgĩ angepita Limuru akaitia mkono wake nakala ile kwa jina la mwenye nayo, hakuna nakala safi ya kabatini ingeifikia, hata ikiwa na saini kumi. Ile ndiyo riwaya ilivyotokea. Nakala safi ni kitabu ambacho hakijatokea bado.

Kuna na jambo la mahali. Alikwenda London mwaka 1982 kwa uzinduzi wa Devil on the Cross, akaonywa kwamba akirudi atakamatwa. Hakukanyaga Kenya mpaka 2004. Miaka 22. Hesabu mwenyewe: miaka ile ambayo jina lake lilikua duniani kote, ambayo alifundisha Yale, New York na hatimaye Irvine kule California, msomaji wa Kiambu, wa Kisumu au wa Dar es Salaam hakuwa na foleni ya kupanga hapa nyumbani. Aliyetaka saini alipaswa kuwa na viza. Kwa hiyo tusishangae kwamba saini nyingi ziko ng'ambo. Kinachonishangaza ni kwamba zile chache zilizotiwa hapa, kabla ya 1982 au katika safari zake za baadaye, zenye majina ya watu wa hapa, ndizo tunazoambiwa zina kasoro. Kasoro ni kuwa na jina la Mkenya ndani ya kitabu cha Mkenya!

Na tukizungumzia saini, kuna moja ambayo sijaona mkusanyaji akiitaja. Saini iliyoamua maisha ya Ngũgĩ kuliko zote haikuwa yake. Ilikuwa ya Daniel arap Moi, wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani, kwenye amri ya kumweka kizuizini baada ya Ngaahika Ndeenda kuchezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Polisi walipokuja kumchukua, usiku wa kuamkia 31 Desemba, walipekua maktaba yake na kuondoka na vitabu. Haikupita miaka kumi wakarudi tena, safari hii madukani. Mwaka 1987 walizunguka wakikusanya Matigari, riwaya ya mtu wa hadithi ambaye serikali, inasemekana, ilitaka hata akamatwe.

Kwa hiyo nchini kwetu kuwa na kitabu cha mtu huyu, tena chenye jina lako kwa mwandiko wake, hakikuwa kitu cha kujivunia sebuleni wakati ule. Mtu alikuwa na sababu ya kuogopa. Ukikuta nakala ya zamani ambayo ukurasa wa mbele umekatwa kwa uangalifu, karibu kabisa na mshono, usiharakishe kusema imeharibika. Huenda mtoto alihitaji karatasi. Huenda pia mtu mzima, usiku, alifikiria wanawe, akachukua wembe. Sina njia ya kujua ni ipi, lakini pengo lenyewe linastahili kuandikwa kwenye maelezo ya kitabu: ukurasa wa mbele umekatwa. Muuzaji ataandika "kuna ukurasa uliopotea" na kupunguza bei. Haukupotea. Kuna mtu aliuondoa.

Tofautisha wembe huo na wembe wa leo. Kuna nakala niliyoonyeshwa jijini, sitamtaja mwenyewe, ambayo jina la mpokeaji lilikuwa limekwanguliwa taratibu, likabaki jina la mwandishi likielea peke yake kwenye ukurasa. Ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona mahali ilipokuwa nyembamba. Neno "kwa" lilikuwa bado linasomeka kidogo. Mwenye nayo alijisifu kwamba "ameisafisha". Msomaji wa enzi ya hofu aliondoa jina lake kujiokoa na dola. Huyu amemwondoa msomaji ili apate dola. Nisameheni, sikuweza kujizuia.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyapokee moja moja.

La kwanza ndilo zito: pesa ndiyo inayohifadhi. Wanasema, bila hao wawindaji, vitabu hivi vingeishia kufungia njugu. Kweli kabisa, na sitajifanya sioni. Nimeshawahi kununua karanga zilizofungwa kwenye kipande cha riwaya ya African Writers Series. Kitabu chenye bei hakichanwi. Lakini swali ni bei inalinda nini. Soko linalosema jina ni kasoro halilindi tabaruku, linafundisha watu kuzikwangua. Linalinda ganda na kutupa yai. Wauza vitabu wanaweza kubadilisha hilo kesho asubuhi bila kupoteza senti, kwa kuacha tu kuandika "kwa bahati mbaya kimeandikiwa mtu" na badala yake kuandika kimeandikiwa nani, lini, wapi. Wao ndio wanaotufundisha nini ni adimu. Walitufundisha kupenda jaketi la karatasi linalofunika jalada, ambalo zamani watu walilitupa siku ileile. Wanaweza kutufundisha na hili.

La pili: si kila aliyeandikiwa ni mtu wa maana kwa historia. Hapa ndipo tunapoachana kabisa. Ni nani alisema historia ya mawazo ya Ngũgĩ ni historia ya watu mashuhuri waliomjua? Mwaka 1968 yeye, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hoja ile haikuishia kwenye karatasi ya watu watatu. Ilifika madarasani kwa mikono ya walimu ambao hakuna mtu atakayeandika wasifu wao. Walimu hao ndio wanaoandikiwa vitabu. Ukitaka kujua wazo lilisafiri mpaka wapi, huwezi kuwauliza mashuhuri peke yao. Utafuata majina madogo kwenye kurasa za mbele, huyu wa Nyeri, huyu wa Machakos, huyu aliyesoma Kampala akaenda kufundisha Kigoma. Mkusanyaji mwenye subira na nakala thelathini za namna hiyo ana ramani. Mwenye saini kavu thelathini ana kitu kilekile mara thelathini.

La tatu ni la faragha: mtu aliyeuza zawadi hataki ijulikane. Hili nalikubali nusu. Watu huuza vitabu kwa sababu ya karo, ugonjwa, kuhama, mazishi. Hakuna aibu hapo, na hakuna haja ya kumwanika mtu mitandaoni. Aliye hai aulizwe. Lakini kutomwanika ni jambo moja, kumfuta ni jingine. Jina linaweza kubaki kitabuni bila kupigwa picha na kurushwa kila mahali.

Kuna la nne ambalo husemwa kwa sauti ya chini: mimi ni shabiki tu, nataka kitu chake, siuzi. Wewe sina ugomvi nawe. Ila ukipata nafasi ya kusimama mbele ya mwandishi unayempenda, mwambie jina lako. Na kama una nakala ya kwanza ya Kiingereza nyumbani na nakala ya Kiswahili uliyoisomea, beba ya pili.

Maktaba zetu nazo zina lao. Kuna moja, nitaihifadhia jina, iliyopokea sanduku la vitabu kutoka kwa familia ya mwalimu mstaafu. Vilipelekwa kujaladiwa upya, na fundi akakata kurasa za mbele zote ili apate kubandika karatasi mpya imara. Kazi nzuri, vitabu vimekaza kama matofali. Tabaruku zilienda na vumbi la sakafu, na kwenye daftari la mapokezi kumeandikwa idadi tu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyeambiwa kwamba ukurasa ule ni sehemu ya kitabu. Ndipo watafiti wetu wanapanda ndege kwenda kusoma karatasi za waandishi wa Kiafrika katika vyuo vya Marekani, za Achebe ziko Harvard, na tukilalamika tunaonekana wivu unatusumbua. Harvard hawaikwangui tabaruku. Wanaiandikia maelezo.

Hapa Nairobi vitabu vingi vya aina hii havipiti kwa wauza vitabu adimu kamwe. Viko kando ya barabara, kwenye turubai, vile tunavyoviita vya inama kwa kuwa huwezi kuchagua bila kuinama. Vinafika kwa magunia, mara nyingi baada ya msiba, shamba la vitabu la mtu mmoja limemwagwa chini pamoja na magazeti ya mapishi na vitabu vya hesabu za darasa la nane. Muuzaji anajua bei ya kitabu cha shule kuliko benki. Saini haimshughulishi. Mwindaji mwenye jicho anakuja, anafunua ukurasa wa mbele wa kila kimoja, haulizi kitu, analipa shilingi mia na kuondoka akiwa na uso mkavu. Nimewaona. Wanapasua seti katikati: wanachukua kile kimoja chenye saini kavu na kuacha saba vyenye jina la mwenye maktaba na maoni yake ya penseli pembeni.

Ukiwa huko, nunua hivyo saba pia. Muulize muuzaji gunia lilitoka wapi, mtaa gani, lini, kama anakumbuka kazi ya marehemu. Mara nyingi anakumbuka, hakuna tu aliyewahi kumuuliza. Mlipe zaidi ya alivyotaja kama kuna mwandiko wa mwandishi ndani, na umwambie kwa nini, ili safari ijayo asikubali mia. Kisha andika hayo yote kwa penseli, kwenye karatasi ndogo, uiweke ndani ya kitabu. Tarehe ya siku uliyonunua pia. Usikisafishe.